Zana za kunolea skii nyumbani: nianze na zipi, zipi niachane nazo?

Kibo_Calgary

Wakuu, salaam. Wale mlioko nchi za baridi naomba msaada, na msinicheke.

Huu ni msimu wangu wa tatu kuteleza kwenye theluji. Nilianza kwa sababu ya watoto. Shule yao iliwapeleka Nakiska, mlima wa kuteleza karibu na Calgary, wakarudi hawashikiki kwa furaha, na mimi wikendi zote nikawa nabaki chini ya kilima na kikombe cha kahawa kama mlinzi wa geti. Mwaka uliofuata nikakodi skii. Mwaka jana nikanunua zangu, mtumba, pamoja na za mama watoto na za vijana wawili. Jumla jozi nne.

Kinachoniumiza ni fundi. Jozi moja kunolewa na kupakwa nta ni kama dola 60 za hapa Kanada. Jozi nne, mara tatu kwa msimu, pigeni hesabu wenyewe. Na safari ya mwisho duka moja (jina naliacha) walinirudishia skii zangu zinang'ata. Nikitaka kwenda kulia zinashika theluji na kukataa, kama mbwa asiyemjua mwenye nyumba. Nikasema basi. Mzee wangu kule Machame alikuwa ananoa panga kwa tupa kila asubuhi kabla ya kuingia shambani, mimi nishindwe na ukanda wa chuma wa milimita mbili?

Nimeingia mtandaoni nimekuta vifurushi vya zana vya dola 80, vya 300, hadi 700. Sioni tofauti yake ni nini. Nina gereji, nina meza, nina tupa ya kawaida na pasi ya nguo ya zamani. Nianze wapi?

MnoaVisu

Karibu kwenye ugonjwa huu, mkuu. Nimefanya kazi misimu minne kwenye karakana ya duka la kukodisha skii huku Tirol, Austria, kwa hiyo naandika kirefu. Mwenye haraka aruke.

Kwanza hiyo habari ya mzee na panga iweke pembeni. Panga linanolewa kwa jicho. Ukikosea digrii mbili, mgomba hautajua. Skii inajua. Makali yake yana nyuso mbili: uso wa chini, unaolala na theluji, na uso wa ubavuni. Ule wa chini huinuliwa kidogo mno, nusu digrii hadi digrii moja, ili skii isinase kila unapoilaza. Wa ubavuni hukatwa kuingia ndani digrii 1 hadi 3. Ndiyo maana utakuta vifaa vimeandikwa 89, 88, 87. Ni hesabu ileile, ila imetolewa kwenye 90. Skii nyingi za watu wa kawaida kama wewe ni 1 chini na 2 ubavuni, yaani 88.

Kwa hiyo hela yako ya kwanza isiende kwenye tupa. Iende kwenye kinachoishika tupa isiyumbe. Mimi nakiita kona. Ni kipande cha alumini au chuma ambacho pembe yake imeshakatwa kiwandani. Unakiegemeza kwenye tumbo la skii, yaani upande wote wa chini unaogusa theluji, unakibania tupa au kinoo, unavuta. Nunua cha pembe moja, cha chuma, 88. Vile vya plastiki vyenye kitufe cha kubadilisha pembe vinacheza. Ukikandamiza mkono kidogo tu, 88 yako imeshakuwa kitu kingine.

Baada ya hapo vinoo vya almasi, viwili vinatosha: cha chenga namba 200 na cha 400 (kilicho laini zaidi) au karibu na hapo. Ukiwa navyo, tupa utaigusa mara moja au mbili kwa msimu mzima. Watu hawaniamini nikisema hivi. Tupa inakula chuma, na chuma cha skii hakioti tena. Kila ukitoka mlimani futa skii, lowesha kinoo kwa maji yenye spiriti kidogo, pitisha mara nne tano kutoka mbele kwenda nyuma, funga kazi. Dakika kumi kwa jozi, ukishazoea.

Umegonga jiwe? Usikimbilie tupa. Pale palipogongwa chuma kimekakamaa kikawa kigumu mno. Tupa itateleza juu yake na meno yake ndiyo yatakayoisha. Chukua kinoo cha chenga kubwa, 100 hivi, sugua ule ugumu mpaka uishe, halafu endelea na kona kama kawaida.

Uso wa chini USIUGUSE. Ukishapunguza chuma pale, namna pekee ya kurudisha pembe ni kusaga tumbo zima la skii kwenye mashine ya jiwe, na skii ina idadi yake ya kusagwa kabla haijaisha unene. Hiyo waachie wenye mashine, mara moja kwa mwaka au hata zaidi ya mwaka.

Sasa hilo la kung'ata. Nahisi walinoa vizuri lakini hawakufuta vijinyuzi vya chuma vilivyobaki kwenye ukingo, au walinoa mpaka kwenye ncha kabisa. Kuna jiwe la mpira, umbo lake kama kifutio kikubwa cha shule. Halifiki dola 20. Lipitishe kwa wepesi mbele na nyuma, sehemu zile zinazopinda kwenda juu, halafu ujaribu tena. Inawezekana ugomvi wako wote na lile duka ukaishia hapo.

Kibo_Calgary

Mkuu @MnoaVisu, Mungu akuzidishie. Swali: hizi zangu ni mtumba, aliyeniuzia mwenyewe hajui pembe. Nitajuaje kama ni 88 au 87?

MnoaVisu

Maki peni. Paka wino uso wa ubavuni wa makali, kipande cha kama shubiri moja. Weka kona ya 88, pitisha kinoo laini mara moja tu, angalia. Wino ukitoka wote sawasawa, ndiyo pembe yako. Ukibaki ukanda mwembamba karibu na tumbo, skii imekatwa butu kuliko kona yako. Ukibaki upande wa pili, karibu na plastiki ya ubavu, skii ni kali zaidi.

Kama wino hautoki kabisa na unaona unga wa plastiki kwenye kinoo, maana yake plastiki ya ubavu imetokeza na inazuia. Kuna kirandio chake kidogo cha kuipunguza, lakini hicho azima, usinunue. Utakitumia mara moja kwa miaka miwili.

Dada_Duluth

Naomba nipingane na fundi kidogo, kwa heshima.

Mimi niko Minnesota. Vilima vyetu ni vifupi, theluji nusu yake ni ya mashine, na ikifika saa tatu asubuhi imeshakuwa vigae vya bafuni. Huku makali ndiyo uhai, nanoa kila wiki. Nyumbani tuna jozi tano: zangu 88, za mume wangu 87, za mtoto anayeshindana 87, zilizobaki 89. Ningenunua kona ya chuma kwa kila pembe ningekuwa nimefungua duka. Ninayo ya kubadilisha pembe, mwaka wa nne huu. Siri ni kutokandamiza. Kidole gumba kinaishikilia kona ilale kwenye tumbo la skii, mkono mwingine unavuta tu. Anayekandamiza ataharibu hata na ya chuma.

Halafu nashangaa, wanaume mmeongea makali weee na hakuna aliyetaja jiliwa. Utainoaje skii inayotembea mezani? Jiliwa za skii ni ghali kuliko zana nyingine zote, hapo ndipo vifurushi vya 300 vinapofikia bei yake. Mwaka wa kwanza nilitumia vipande viwili vya mbao nilivyochonga mfereji, nikavifunga mezani kwa vibanio vya seremala. Skii inasimama kwa ubavu kwenye mfereji, kazi inafanyika. Jiliwa nilikuja kununua baadaye, nilipojua sitaacha.

Na breki za bindingi, kile kifaa kinachoshika kiatu kwenye skii, lazima uzifunge zikae juu, la sivyo kila ukivuta kinoo unagongana na breki. Wanauza mipira maalumu. Mimi natumia blada, ile ya tyubu ya baiskeli, kama tulivyokuwa tunafungia mizigo kwenye keria Morogoro.

MnoaVisu

@Dada_Duluth kwa jozi tano zenye pembe tatu nakubali, dada yangu. Ila Kibo hana mkono wako bado. Na hilo la jiliwa umenishika, karakana yetu zilikuwa zimefungwa mezani muda wote nikasahau kuwa zinanunuliwa.

Shem_Toronto

Nimekuja kwa ajili ya hiyo pasi ya nguo aliyoitaja Kibo. KAKA, USITHUBUTU. Au thubutu, lakini sikiliza kwanza.

Nilikuwa na mawazo hayohayo. Pasi ni pasi. Nikaweka nta, ikayeyuka vizuri, nikajisifu. Tatizo pasi ya nguo haikai kwenye joto moja. Inapanda, inazima, inashuka, inawaka tena inapanda kupita pale ulipoweka. Kwenye shati hutaona. Kwenye nta ikaanza kutoa moshi, king'ora cha jengo kikalia, ghorofa nzima tukashuka chini na pajama kwenye nyuzi hasi 14. Shemeji yenu hajanisamehe. Na skii yenyewe ilibaki na doa lililokauka kwenye tumbo, pale nilipoisimamisha pasi nikikimbilia dirisha. Tumbo la skii ni plastiki, polithini ngumu. Ukiipika juu inaziba, hainywi nta tena.

Pasi ya nta ina bamba nene lisilo na matundu ya mvuke, na namba za joto zilizoandikwa kwa nyuzi, si "hariri, sufu, pamba". Ya bei ya chini kabisa yenye namba inatosha. Nta ya matumizi ya jumla inataka kama 110 hadi 130, ya baridi kali inaenda 140 na kupita, pakiti yake imeandikwa. Ukiona moshi tu, punguza. Na pasi isisimame hata mara moja, itembee kama unapiga pasi kanga ya mkwe.

Nta nyembamba, acha ipoe nusu saa au zaidi kwenye joto la ndani, kisha kwangua yote kwa kikwangulio cha plastiki. Yote kweli, sio nusu. Inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani. Inayobaki juu inakuzuia. Malizia na brashi.

Sinza_Kwanza

Nausoma uzi huu niko Sinza, feni namba tano na bado jasho. Sielewi hata nusu lakini siondoki. Hivi hiyo nta ni ya nyuki?

Shem_Toronto

Parafini, ndugu yangu. Binamu yake mshumaa. Ila imetengenezwa kwa ugumu tofauti kwa baridi tofauti.

Kibo_Calgary

Sasa brashi nazo. Nimeona seti ya brashi sita. Sita! Shaba, nailoni, singa za farasi, sijui nini tena. Na nta zina rangi kama bendera. Huku kwetu Januari ni hasi 20 kavu, Machi inakaribia sifuri. Ninunue zote?

Dada_Duluth

Brashi mbili. Ya shaba kabla ya kupaka, kusafisha uchafu uliokwama kwenye mistari ya tumbo. Ya nailoni baada ya kukwangua, kung'arisha mara ya mwisho. Ya farasi ni raha tu, ukipata bonasi kazini.

Nta mbili pia. Moja ya jumla na moja ya baridi kali. Hapo kwenu usidharau ya baridi. Theluji ya hasi 20 sio ile laini unayoiona kwenye picha. Punje zake ni kavu na zina ncha, ukipita na nta laini zinajichimbia ndani yake na skii inakataa kwenda, kama unateleza juu ya mchanga wa Coco. Kwenye nta ngumu hazipenyi. Ukifika Machi theluji ina maji, hapo ya jumla inatosha. Rangi mara nyingi kijani na buluu ni baridi, nyekundu na njano ni joto, ila soma namba za nyuzi pakitini maana kila kampuni ina mambo yake.

Kikwangulio nacho kinakuwa butu! Watu wanakwangua dakika arobaini wanalaumu nta. Kinoe kwa tupa bapa kila baada ya jozi mbili. Hapo ndipo tupa ya mzee wako itapata kazi.

MzeeWaTrondheim

Vijana, mnaongelea skii za mlimani tu. Sisi wa skii za kutembea tupo pia, na yeyote anayetaka kuanza na hizo asinunue hata robo ya mlivyotaja. Skii zangu hazina makali ya chuma kabisa. Hakuna kona, hakuna almasi, hakuna tupa. Nina pasi, kikwangulio, brashi moja na kizibo.

Kizibo ndiyo, kama cha chupa, ila kikubwa. Mbele na nyuma unapaka nta ya kuteleza. Katikati chini ya mguu unapaka nta nyingine, ya kushika, ili ukisukuma skii isirudi nyuma. Hiyo ya kushika unaisambaza kwa kizibo, tabaka jembamba juu ya tabaka. Ukikosea nyuzi tatu za joto, ama unarudi nyuma kila hatua, ama theluji inaganda chini ya mguu unatembea na viatu vya mchuchumio. Nimeishi huku miaka 22 na bado nakosea. Siku hizi kuna skii zenye kipande cha ngozi ya manyoya katikati, hazitaki nta ya kushika. Mke wangu anazo, ananipita akipiga simu.

Na kwa watakaokuja kusema mtu mweusi na skii wapi na wapi: Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji wa mita 800, alishindana skii kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho. Mnorwe Bjørn Dæhlie, mshindi wa dhahabu siku ile, alimsubiri mwisho wa njia amkumbatie, na hafla ya medali ikasubiri pia. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Huku Norwei nikijitambulisha natoka Afrika Mashariki, wazee wa rika langu wananitajia hilo kabla hawajaniuliza jina.

Sinza_Kwanza

Mzee umenitoa machozi na feni inawaka.

Kibo_Calgary

Nimepata bahati. Jirani anahama, kaniuzia boksi la zana kwa dola 50. Kuna pasi yenye namba, kona ya chuma 88, vinoo viwili, brashi ya shaba, vikwangulio, na vikopo vidogo vya unga na vipande vya nta vimeandikwa "fluoro". Anasema hivyo ndivyo ghali kuliko vyote humo ndani. Nitumie?

MzeeWaTrondheim

Hapana. Usivipashe moto ndani ya nyumba yenye watoto. Hizo ndizo nta za florini. Zilikuwa zinakimbia ajabu, lakini kemikali zake haziozi, zinabaki kwenye udongo, kwenye maji na kwenye damu ya anayezivuta. Huku mafundi wa timu walipimwa wakakutwa nazo nyingi mwilini. Shirikisho la kimataifa, FIS, lilizipiga marufuku kabisa kwenye mashindano yake kuanzia msimu wa 2023/24. Usitupe kwenye takataka za kawaida pia, peleka zinakopokelewa rangi na kemikali.

Kwa dola 50 kona na pasi peke yake zimeshakulipa. Umepata.

MnoaVisu

Naunga mkono. Na hata hizi za kawaida, fungua mlango wa gereji. Tandika magazeti chini. Vumbi la nta likikanyagwa kwenye sakafu, mtateleza bila skii.

Angalia pia vile vinoo vya jirani. Vikiwa vimeziba, sugua na sabuni na mswaki wa zamani. Almasi haichakai haraka hivyo, mara nyingi ni uchafu tu.

Kibo_Calgary

MREJESHO.

Jumamosi nimefanya jozi mbili, zangu na za kijana mkubwa. Maki peni imeniambia zangu ni 88, za kijana 87 au karibu na hapo, kwa hiyo zake nimeziacha makali nikapaka nta tu. @Dada_Duluth mbao zako zenye mfereji zimefanya kazi. Blada sikupata, nimetumia kamba za mpira za kufungia mboga. Jiwe la mpira nimelipitisha kwenye ncha, na nta ya baridi nimepaka kwa 140. Muda wote na kusafisha: saa tatu na nusu. Mama watoto kaja mara mbili kuuliza kama nimehamia gereji.

Jana tukaenda mlima wa Sunshine, hasi 17. Wakuu, zile skii haziumi tena! Zinageuka ninapotaka zigeuke. Kumbe sikuwa mbovu mimi.

Ila kuna jambo. Kwenye jozi ya kijana nilisahau kutoa mpira wa breki. Amevua skii moja juu karibu na lifti ili arekebishe kiatu, akaiweka chini, ikaondoka yenyewe. Hakuna breki ya kuishika. Imeshuka kama mita 100 watu wanapiga kelele wanaikwepa, ikaenda kujichomeka kwenye wavu. Haikumgusa mtu, lakini miguu yangu ilikuwa imeisha nguvu. Mhudumu wa usalama amenisemesha mbele ya mwanangu, na alikuwa na haki.

Dada_Duluth

Alhamdulillahi haikumpata mtu. Kaka, tafuta mipira ya rangi ya kuwaka, nyekundu au chungwa, na iwe na msumari wake ukutani. Mimi ninayo minne. Kabla sijazima taa ya gereji nahesabu msumarini, ikiwa mitatu sitoki.

Kibo_Calgary

Nimepigilia msumari jioni hii. Bado jozi mbili, za mama watoto na mdogo. Za mdogo makali yana kutu ya kahawia mstari mzima, alizifungia kwenye begi zikiwa na maji. Hiyo kutu ni kinoo au msasa?

MnoaVisu

Jiwe la mpira kwanza. Kutu ya juu itatoka kabla chai haijapoa. Ikibaki vishimo, ndiyo uniite na picha.